Mnazi wa Watu Uani Kwetu

Siku ya kwanza ya somo la falsafa ya sheria, mwalimu wetu aliandika ubaoni: Sheria ni nini? Kisha akakaa, akakunja mikono, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomwita. Ilikuwa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana.

Wenzangu walijibu vizuri sana. Mmoja alisema sheria ni amri ya mwenye nguvu, na ukiikaidi unaumia. Mwingine, aliyekuwa na sauti ya mahubiri, akasema amri isiyo ya haki si sheria hata ikipigwa mihuri kumi. Mwalimu akawasifu wote wawili, jambo lililonitia shaka, kwa sababu waliyosema hayakuweza kukaa nyumba moja. Akaendelea hadi kwenye mali, akatupa kanuni moja ya kale: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Ukijenga nyumba juu ya ardhi ya mtu, umemjengea. Ukipanda mti, umempandia.

Nikainua mkono. Nikamweleza kwamba kwetu Bofu, kule Likoni, nyumba ni ya nyanya yangu, ardhi ni ya bwana mmoja anayekaa ng'ambo kisiwani, na mnazi ulioko uani ni wa mzee mwingine kabisa, na kila mmoja anakijua chake. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kwa upole kwamba hilo, kisheria, haliwezekani.

Nikakaa. Nilikuwa nimezaliwa na kulelewa ndani ya jambo lisilowezekana, nikala humo na kulala humo, na halikuwahi kuniangukia, ingawa kwa haki ya Mungu lilijaribu.

Msomaji asiyetoka pwani huenda akaungana na mwalimu, kwa hiyo acha nieleze. Babu yangu alipotaka kuoa alimwendea mwenye shamba, akaombwa akae, akanyweshwa kahawa, akaruhusiwa kujenga. Hapakuandikwa kitu. Ruhusa ilikuwa ya mdomo na ilikuwa na masharti yake: ajenge kwa miti na udongo, aezeke kwa makuti, asitie ukuta wa simiti, na asipande mti wa kudumu. Mchicha sawa, muhogo sawa. Mti hapana, kwa sababu mti una mizizi, na kwetu mizizi ni madai. Kila mwezi angelipa ijara ya ardhi, na nyumba ingekuwa yake na ya watoto wake maadamu imesimama. Tuliendelea kumwita mwenye shamba miaka mingi baada ya shamba lenyewe kujaa nyumba hadi pasiwe na pa kufungia mbuzi.

Mnazi ulikuwa na historia yake. Ulipandwa na babu wa mzee mmoja wa Kidigo aliyekaa nyuma ya msikiti wetu. Ukoo wake uliuza ardhi lakini haukuuza minazi. Hilo nalo linawezekana kwetu, na tafadhali mtu asinicheke tena. Mingine yote ilikuwa imeshakufa, ukabaki mmoja, nao ukasimama hatua chache tu kutoka dirisha la chumba nilicholala na nyanya. Kila nazi yake ilikuwa ya mzee, hata iliyoanguka yenyewe. Nyanya alikuwa akipika mbaazi za nazi kila alfajiri na kuziuza kibarazani pamoja na mahamri. Nazi alinunua sokoni. Usiku tulisikia nazi za mzee zikianguka, puu, nje ya mlango wetu, na asubuhi nyanya huziokota, huzitia kwenye gunia kumwekea mwenyewe, kisha hushika kikapu kwenda kununua nyingine.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini.

"Kwani mnazi wangu?" akanijibu, na somo likaishia hapo.

Sasa hapa ndipo pazuri. Kwa desturi yetu, nyumba ya namna hiyo ikianguka, ruhusa nayo huanguka, na inabidi uombe upya. Mwenye shamba alikuwa ameacha zamani kutoa ruhusa mpya. Na kwa desturi hiyo hiyo, ardhi yenye mnazi wa mtu haiuziki mpaka mwenye mnazi akubali. Mzee wetu hakukubali. Alikuwa na ugomvi na ukoo wa mwenye shamba uliorithiwa kutoka kwa babu yake pamoja na mnazi, na alivitunza vyote viwili vizuri. Kwa hiyo haki ya nyanya ilisimama maadamu nyumba imesimama, na ardhi ililindwa isiuzwe maadamu mnazi umesimama. Mwenye shamba hakuhitaji wakili. Alihitaji subira tu.

Katikati ya miaka ya themanini mnazi ulianza kulala upande wetu. Mvua za masika zilikuwa zimekula mchanga na kuacha mizizi nje, na kila mwezi, nikijilaza kitandani, niliona shina limechukua nafasi zaidi ya dirisha. Nyanya naye aliona. Alikuwa mwanamke wa hofu chache, na zote alizitangaza kwa sauti. Aliogopa ng'e, aliogopa karatasi iliyotiwa saini kwa wino mwekundu, na aliogopa kufa nyumbani kwa mtu mwingine. "Mimi humu nitatoka nimebebwa," alikuwa akisema. "Kwa miguu yangu sitoki."

Tatizo lilikuwa wazi hata kwangu mimi niliyekuwa bado navaa sare za shule. Mnazi ukikatwa, ardhi inauzika, na tunahamishwa. Usipokatwa, unaangukia nyumba, na tunahamishwa. Msimamizi wa mwenye shamba, aliyekuja kila mwezi kwa baiskeli kukusanya ijara, aliutazama ule mti kwa huzuni ya mtu aliyetumwa kuhuzunika. Akashauri tumwachie Mungu.

Nyanya aliita kikao. Alikuja mzee mwenye mnazi, na alikuja mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yangu, aliyefanya kazi bandarini na kukaa Chaani. Mzee alizunguka mnazi wake mara kadhaa, akaupigapiga, akatoa uamuzi kwamba hautaanguka.

"Wajuaje?" nyanya akauliza.

"Ungekuwa wa kuanguka, bibi, ungeanguka wakati wa babangu."

Hoja hiyo niliikuta tena baadaye Nairobi, ndani ya vitabu vikubwa, imevaa suti. Huitwa kufuata uamuzi uliotangulia.

Mjomba yeye alikuwa na nadharia moja tu, aliyoipata kwenye mikutano ya wafanyakazi, na hakuwa na haja ya nyingine. Sheria ni fimbo, na fimbo siku zote iko mkononi mwa mwenye nacho. Aliisema kuhusu serikali, kuhusu mpira, na kuhusu mkewe. Lakini safari hii aliisema huku akishusha begani kipande cha kamba ya meli, kamba nene kuliko mkono wa nyanya, ambayo alisema ilitupwa. Hatukuuliza zaidi. Alichimbia chuma upande wa pili wa ua, akafunga mnazi kwa kamba, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mti haukunyooka. Ila tangu siku hiyo haukuongeza kulala.

Mwezi uliofuata msimamizi alisimamisha baiskeli, akaitazama kamba kwa muda mrefu.

"Huu ni ujenzi," akasema. "Ruhusa ya ujenzi hamna."

"Ujenzi gani, mwanangu? Kamba ya nguo hiyo," akasema nyanya. Akaingia ndani, akatoka na kanga zake, akazianika palepale, zikiwa kavu.

Kuanzia hapo nguo zetu zote zilianikwa kwenye kamba ya kufungia meli. Nilifua na kuanika hadi nikachoka, maana nyanya alitaka isikutwe tupu hata siku moja. Na msimamizi, ambaye alikunywa chai na kula mbaazi kibarazani petu kila alipokuja, hakuitaja tena.

Tungeweza kuishi hivyo mpaka kiama, lakini mnazi haukusoma masharti. Karibu na mwisho wa muongo ule, mdudu wa minazi aliingia kileleni. Makuti yalianza kunyauka moja moja, madafu yakapukutika yakiwa madogo, na katika kaskazi moja kichwa chote kikaanguka, ashukuriwe Mungu, upande wa barabara. Likabaki shina. Limesimama, limelala kidogo kuelekea kwetu, limefungwa kamba ya meli, na juu yake hamna kitu ila mbingu.

Nyanya alilia. Sijui kama nimewahi kumwona akilia hivyo, hata kwenye msiba wa mama yangu alijizuia. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kanga usoni, akasema, "Basi. Wataniondoa." Mimi nikalia kwa kumwona yeye.

Mzee aliitwa. Aliutazama mnazi wake akiwa amesimama kofia mkononi, akausomea chini kwa chini nisichokisikia. Kisha wakakaa kibarazani yeye na nyanya mpaka adhana ya alasiri. Sikuambiwa walichozungumza. Nilimsikia tu mzee akiaga.

"Nitakuja kuangua nazi zangu wakati wake, bibi. Kama kawaida."

"Karibu," nyanya akasema. "Kama kawaida."

Nikadhani uzee umewapanda vichwani wote wawili kwa mpigo.

Wakati wake ulipofika, ambao kwa bahati uliangukia siku ya msimamizi, nyanya alimwagiza mjomba apitie sokoni alete nazi. Mjomba akaja nazo kwenye mfuko, akaziweka mezani kwa fahari. Zilikuwa zimefuliwa. Safi, hazina hata uzi wa kumbi, kila moja na kishungi chake utosini, kama zilivyopangwa kwa muuzaji. Nyanya alizitazama, akamtazama mwanawe.

"Mnazi gani huzaa nazi zilizofuliwa?"

"Nimeambiwa nazi," mjomba akajitetea. "Sikuambiwa za mahakamani."

Muda haukuwepo. Kengele ya baiskeli ilishasikika njiani. Mzee, aliyekuwa ameshafika, alivua shati, akachukua panga, akalipiga shina mara kadhaa kwa kelele ili majirani wasikie kazi inafanyika. Msimamizi alipoingia uani, alimkuta mzee amesimama kifua wazi, anatoka jasho, kikapu kimejaa nazi zilizofuliwa miguuni pake, chini ya mnazi usio na kichwa.

Msimamizi akatazama nazi. Akatazama juu. Akatazama nazi tena.

"Mashallah," akasema hatimaye. "Mwaka huu umezaa."

Nyanya akampa mbili. Akazifunga nyuma ya baiskeli, akala mbaazi zake, akaenda zake kuripoti ng'ambo kwamba mnazi wa mzee ungalipo na unazaa. Nilimwona kama mjinga mkubwa. Ilinichukua miaka kufikiri kwamba ardhi ikiuzwa, naye msimamizi hana cha kusimamia, na hakuna mahali pengine Likoni yote angepata mbaazi kama zile bila kulipa.

Baada ya hapo utaratibu ulikaa. Nazi zilinunuliwa na makumbi yake, nyanya akizichagua mwenyewe, na mzee aliziangusha chini kutoka usawa wa bega, moja baada ya moja, ili zipate vumbi na zitoe mlio. Aliondoka nazo kupitia barabara kubwa, si uchochoroni, awaone watu na wamwone. Jioni alimrudishia nyanya nusu, nazo ziliingia kwenye mbaazi.

Katika hali hiyo ndipo nilipokwenda chuo kikuu kusomea sheria, na kila likizo nilirudi na nadharia mpya, nikamsomea nyanya huku akikuna nazi.

"Sheria ni amri ya mtawala," nilimwambia likizo ya kwanza.

"Mtawala aujua mnazi huu?"

"Haujui."

"Basi hajaamrisha kitu," akasema, akaendelea kukuna.

Likizo iliyofuata nilimletea ile ya haki ya maumbile, kwamba ipo sheria juu ya sheria, na dhuluma haiwi sheria hata ikiandikwa. Hiyo aliipenda mno. Aliirudia kwa majirani, akaichanganya na mambo yake mengine, maana nyanya alikuwa na elimu yake ya sheria ambayo hakuna chuo kingeikubali. Aliamini kesi iliyosikilizwa Ijumaa mchana haishiki. Aliamini hakimu akikohoa kabla ya hukumu, mshtakiwa ataachiwa. Nilijaribu kumrekebisha, nikashindwa, na nikiri kwamba nilikasirika. Nikamwambia kwa ukali wa mwanafunzi kwamba kama anataka haki ya maumbile, basi ajue haki haikai na uongo, na nazi za mnazi mfu ni uongo.

Akasimamisha mkono. "Nani kasema uongo? Mzee amesema, nimekuja kuangua nazi zangu. Hajasema zatoka wapi."

Nikamletea ya tatu, ile isemayo sheria ni utabiri tu wa atakaloamua hakimu, na hakimu huamua kwa kadiri alivyoamka na alivyokula. "Basi apelekewe mbaazi," akasema nyanya, na sikujua kama anatania.

Mwaka wa mwisho tukasoma nadharia iliyonifanya nifunge kitabu. Ilisema, kwa maneno mengi, kwamba kanuni haishi kwa sababu ya fimbo, wala kwa sababu ni nzuri. Inaishi pale wale wanaoisimamia wanapoikubali na kutenda kana kwamba inawabana. Wakiacha kuikubali, inakufa, hata kama karatasi zote zingali kabatini. Nikamwona msimamizi wetu pale maktaba, na baiskeli yake, akitazama juu. Nikaandika insha nzima juu ya ua wetu. Mwalimu alinirudishia kwa alama za wastani, na chini ameandika kwamba mfano ni mzuri lakini ni wa kubuni mno.

Mwaka uo huo mwenye shamba alifariki. Mwanawe alirithi. Tuliambiwa alikuwa amepata mnunuzi, mtu aliyetaka kujenga nyumba za kukodisha wageni wa Shelly Beach, na kwamba atakuja mwenyewe kutazama. Hakuna aliyeweza kulala. Kijana huyu hakuwa amekula mbaazi zetu hata siku moja. Hakuna aliyemfundisha kuona.

Nilikuwa likizo. Nilipanga hoja zangu vizuri. Nilikuwa na tatu, na ya nne ya akiba, na nilizifanyia mazoezi chooni, mahali pekee penye faragha. Wasiwasi wangu haukuwa wa sheria. Nilikuwa nikimtazama nyanya anavyofagia ua mara ya pili na ya tatu, mgongo umepinda, na nikifikiri atapelekwa wapi. Chumba changu cha bwenini hakikuruhusu wageni.

Alikuja kwa gari, na dereva. Msimamizi alifuata kwa baiskeli yake, uso wa kijivu. Mzee mwenye mnazi alikwishafika tangu asubuhi, akakaa kibarazani na kikapu chake cha nazi, zote na makumbi, zote na vumbi. Kijana alivua miwani ya jua, akainama.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Watoto hawajambo? Mamako je? Mimi nilikuwako harusini kwake, wallahi, niliimba mpaka sauti ikanikauka."

Kijana hakuwa na la kufanya. Alikaa. Akaletewa mahamri na mbaazi, akala, kwanza kwa adabu, kisha kwa njaa. Akaulizwa habari za watu wote wa ukoo wake, mmoja mmoja, wazima na waliokufa, na alijibu wote. Mimi nilisimama kando nikisubiri mlango wa hoja yangu ya kwanza. Haukufunguka.

Aliponawa mikono akasimama, akatazama uani. Akaliona shina, kamba ya meli, na kanga za nyanya zikipepea.

"Nimeambiwa pana mnazi hapa," akasema. "Uko wapi?"

Nikafungua mdomo, na nyanya akanitupia jicho moja, nikaufunga.

"Ndio huu, bwana," akasema msimamizi. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Huu?"

"Nimeuangua jana," akasema mzee, bila kuinuka. "Ungekuja juzi ungeuona ulivyopendeza."

Kijana aliangalia juu, mkono usoni kukinga jua. Aliangalia muda mrefu kupita kiasi. Najua alichokiona, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona. Kisha akatugeukia, na mbele yake walikuwapo wazee watatu, mmoja wao mtumishi wa babake, wote wanamtazama machoni, na midomo yake bado ina mafuta ya mbaazi. Nyanya akachukua nazi mbili kikapuni, akaenda taratibu, akamtia mikononi.

"Hizi za mamako. Mwambie ni za Bofu."

Angeweza kukataa. Karatasi za ardhi alikuwa nazo, pesa za mnunuzi zilimngoja, na katika vitabu vyangu vyote hapakuwa na ukurasa wa kumzuia. Alichotakiwa ni kuwaambia wazee watatu, mmoja akiwa bibi aliyeimba harusini kwao, kwamba wao ni waongo. Nilimwona akitafuta namna ya kulisema. Alikuwa amelelewa ng'ambo kisiwani, na watu waliomlea hawakumpa maneno hayo.

"Ahsanteni," akasema. "Mti mzuri."

Akazibeba nazi mwenyewe hadi garini, dereva alipotaka kumpokea akakataa. Mnunuzi alikwenda kutafuta kwingine. Na mwaka uliofuata, nazi zilipochelewa kidogo kwa sababu mzee aliugua, kijana alimtuma msimamizi aje aulize mbona za mama yake hazijafika.

Nimefundisha sheria tangu hapo, kwenye chuo kidogo cha jioni, na siku ya kwanza huwaandikia wanafunzi swali lile lile. Wananijibu vizuri sana. Mimi nawasifu wote, kwa sababu sasa namwelewa yule mwalimu: naye alikuwa hajui.

Nyanya alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini, chumbani mwake, usiku wa mvua, mimi nikiwa nimemshika mkono. Alitoka kama alivyosema, amebebwa. Jeneza lilipita chini ya kamba na wachukuzi wakainama, kwa sababu hata siku ile palikuwa na kanga zake zimeanikwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua. Nilidhani nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Nyumba ikawa yangu, maadamu imesimama. Baada ya arobaini, msimamizi alikuja. Alikuwa amezeeka, baiskeli anaikokota badala ya kuipanda. Alinipa pole, akala mbaazi nilizopika mimi, na kwa heshima hakusema chochote juu ya ladha yake. Akasema bwana anauliza hali. Akalitazama shina lililooza hadi likawa kahawia nyeusi, linashikiliwa na kamba tu, akatazama chini.

"Nitarudi alasiri," akasema. "Nina nyumba nyingine za kupitia."

Hajafika mbali, mzee mwenye mnazi akaingia, anategemea mkongojo, kikapu kitupu mkononi. Alikuwa amevaa shati lake la kazi.

"Mjukuu wangu," akaniita.

"Abee, babu."

"Nimekuja kuangua nazi zangu."

Nilimtazama. Kichwani mwangu zilipita nadharia zote, ile ya amri, ile ya haki, ile ya fimbo, zikapanga foleni kwa adabu na hakuna hata moja iliyosema kitu. Nikamwekea mkeka kibarazani, nikamwomba asubiri kidogo, nikachukua kikapu cha nyanya nyuma ya mlango.

Sokoni nilichagua kama alivyokuwa akichagua yeye, nikitikisa kila moja sikioni. Muuzaji, kijana mwenye haraka, alikuwa ameshachomeka moja kwenye kifuo chake, tayari kuifua.

"Nikufulie zote, mama?"

"Ziache na makumbi yake," nikamwambia. "Bado hazijaanguliwa."